Vilele Saba vya Ngong kwa Siku Moja: Mpango Kwanza, Miguu Baadaye

Kila likizo ya shule inapokaribia, ofisi ya msikiti hupokea ombi lile lile kutoka kwa vijana wa madrasa: wapelekwe Ngong wakatembee vilele vyote kwa siku moja. Ombi hilo ni jema. Kutembea mlimani hujenga mwili, huwaondoa watoto mbele ya simu, na humpa baba nafasi ya kuzungumza na bintiye kwa saa nyingi bila ya shughuli nyingine kuwaita. Lakini kila mara ombi hilo huja na maneno haya: "Ni vilima tu, ustadhi. Tutakwenda na tutarudi." Milima ya Ngong iko karibu na Nairobi kiasi kwamba watu huiendea kama wanavyokwenda bustanini, na ukaribu huo ndio unaowafanya wengi waondoke nyumbani bila ya mpango wowote.

Makala haya yanaeleza namna ya kuupanga mwendo huo kwa familia nzima: wazee, akina mama, vijana na watoto waliokwishazoea kutembea. Kwa mwenye nia ya kwenda milima mingine, hesabu ni zile zile; majina ya vilele tu ndiyo yatakayobadilika.

Ijue njia kabla ya kuikanyaga

Milima ya Ngong iko kusini magharibi mwa Nairobi, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Si mlima mmoja wenye ncha moja. Ni mgongo mrefu unaoelekea kusini, wenye vilele vinavyofuatana kama vifundo vya ngumi. Ukiitazama kutoka mjini utahesabu vilele vinne. Ukivitembea kwa miguu, kupanda na kushuka, utahesabu hadi saba. Mwanzo uliozoeleka ni lango la hifadhi ya msitu lililo juu ya mji wa Ngong, karibu na mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo, ambayo ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1993. Mwisho ni Kona Baridi, kwenye barabara ya Magadi, ukishaipita Kiserian. Kati ya ncha hizo mbili mna takriban kilomita 11 za kutembea.

Kilele kirefu kuliko vyote kinaitwa Lamwia, nacho kina mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Jambo la kuzingatia ni mahali kilipo. Lamwia iko upande wa kusini, karibu na mwisho wa njia. Anayeanzia Ngong hukutana na kilele kikubwa wakati miguu imekwisha kuchoka, maji yamepungua, na jua limepita utosini. Mwenye kuutazama mwendo huu kwa kilomita zake tu huona wepesi. Mwenye kuangalia mahali mpando mkubwa ulipo ataujua uzito wake.

Upande wa mashariki wa mgongo huo mna miteremko inayoelekea mashamba na makazi ya watu. Upande wa magharibi ardhi huporomoka kuelekea Bonde la Ufa. Ukungu ukishuka, pande hizo mbili hufanana. Vijia vya ng'ombe na mbuzi hukatiza kila mahali, na kila kimoja humdanganya mgeni kwamba ndicho njia. Vichakani bado mna wanyama, wakiwamo nyati. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa zamani waliwahi kuporwa watembeaji katika sehemu zilizo mbali na mitambo ya upepo, ni vyema kuomba askari wa misitu wafuatane na kundi. Hifadhi hiyo iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Ada ya kuingia na ya askari hubadilika, basi mwenye dhamana aithibitishe kabla ya kuwatoza watu nauli.

Maswali matatu yasiyokuwa na majibu

Miaka michache iliyopita wanafunzi wa chuo kimoja walitembea njia hii. Walifika langoni karibu na saa 5 asubuhi. Wenye mbio walitangulia, wenye pumzi fupi wakabaki nyuma. Alasiri ukungu ukaingia, na vijana watatu waliokuwa katikati wakafuata kijia cha ng'ombe kilichowateremsha upande wa bondeni. Mwalimu aliyekuwa mbele alidhani wako nyuma. Aliyekuwa nyuma alidhani wametangulia. Walipohesabiwa ndani ya basi, kiza kilikuwa kimekwisha ingia.

Wazazi wa wawili kati yao ni waumini wa msikiti wetu. Walikuja baada ya Magharibi, wakaketi ofisini, na mimi ndiye niliyekuwa nikipiga simu. Waliniuliza maswali matatu: Watoto walikuwa wangapi, na majina yao ni nani? Nani alikuwa na jukumu la kuwaangalia? Walitarajiwa kuwa kilele gani, saa ngapi? Nilimpigia kila niliyeweza kumpigia, na hapakuwa na karatasi hata moja iliyoandikwa jibu la swali hata moja. Saa 4 usiku tukapata habari kwamba mfugaji wa Kimaasai amewakuta na kuwapeleka nyumbani kwake, ambako walipewa chai na moto wa kuota. Alhamdulillahi, hawakuumia. Lakini mama mmoja aliyekaa saa tatu kwenye kiti cha ofisi akiwa na fulana ya mwanawe mkononi hakuhitaji kuambiwa kwamba Ngong ni vilima tu.

Tangu hapo kamati yetu haitoi ruhusa ya safari ya mlimani mpaka maswali hayo matatu yamejibiwa kwa maandishi. Yaliyobaki katika makala haya ni njia ya kuyajibu.

Hesabu ya saa

Mwaka 1892 mpanda milima mmoja wa Uskochi, William Naismith, alitoa kanuni ambayo hadi leo hutumiwa na watembeaji: hesabu saa moja kwa kila takriban kilomita 5 za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hii ni ya mtu mzima mwenye afya, asiyesimama. Tuitumie Ngong. Kilomita 11 ni saa mbili na dakika kumi na mbili. Mipando yote ya vilele saba tukiikadiria kuwa mita 600 kwa jumla, tunaongeza saa moja. Jumla ni saa tatu na robo hivi.

Hapo ndipo vijana hufunga daftari wakasema kazi imekwisha. Bado. Familia haitembei kwa mwendo wa Naismith. Mtoto wa miaka kumi husimama kutazama panzi. Mama mwenye magoti mabovu hushuka kwa hadhari kuliko anavyopanda. Kundi la watu thelathini huchukua dakika kumi kila linaposimama na kila linapoondoka. Kwa kundi la namna hiyo, zidisha mara mbili: saa sita na nusu. Kisha ongeza saa moja ya swala na chakula. Sasa ni saa saba na nusu.

Nairobi iko karibu na Ikweta, hivyo jua huzama karibu na saa 12:30 jioni mwaka mzima, pungufu au zaidi kwa dakika chache, na kiza huingia upesi baada ya hapo. Mkiondoka langoni saa 2:30 asubuhi, mtafika Kona Baridi saa 10 jioni, mkiwa na akiba ya saa mbili na nusu za mwangaza. Mkiondoka saa 5, kama lilivyofanya kundi lile, akiba imekwisha kabla ya hatua ya kwanza. Akiba hiyo haipaswi kutumiwa kwa kupiga picha. Ni ya kifundo cha mguu kitakachoteguka, ya mvua, na ya ukungu.

Kiongozi anayeweka hesabu hiyo aweke na mwendo wake. Asiyeweza kwenda upesi atembee mbele, si nyuma, ili kundi lote lishike hatua yake. Nyuma kabisa awepo mtu mzima mmoja ambaye hapitwi na aliye nyuma yake, kwa kuwa nyuma yake hatakiwi kuwepo mtu. Katika kila kilele watu wahesabiwe kwa majina, si kwa macho. Kazi hiyo hutaka dakika mbili tu, na laiti ingefanywa siku ile, ingewaokoa vijana watatu.

Uamuzi ni kilele cha tatu

Njia nyingi za mlimani huwa na saa ya kurudi: ikifika saa fulani hujafika kileleni, geuka. Ngong ina tatizo lake. Njia hii haizunguki. Inaanzia mahali na kuishia pengine. Mkishapita katikati, kurudi langoni ni mbali kuliko kuendelea. Aliyechoka chini ya Lamwia hana njia fupi ya kurudi nyumbani: nyuma yake mna kilomita nyingi alizokwishazitembea, na mbele yake mna mpando mkubwa kisha mteremko mrefu wa kwenda Kona Baridi. Wahenga walisema kukwea mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na goti la mzee litashuhudia.

Kwa hiyo uamuzi wa kweli hufanywa kilele cha tatu, kabla ya kuifikia nusu ya njia. Na ugumu wa uamuzi huo ni kwamba hufanywa wakati ambapo karibu kila mtu anajiona ana nguvu. Vijana watasema tuendelee. Wazee hawatataka kuonekana wao ndio waliowazuia. Ndiyo maana masharti ya kuendelea yawekwe nyumbani, siku kadhaa kabla, yasomwe mbele ya wazazi, na kiongozi asiwe na hiari ya kuyalegeza.

Sisi tumeweka masharti manne. La kwanza ni saa: kundi liondoke kilele cha tatu kabla ya saa 5:30 asubuhi. La pili ni hewa: kilele kinachofuata kionekane wazi, na pasiwe na ngurumo. La tatu ni maji: kila mmoja awe na zaidi ya nusu ya alichobeba. La nne ni watu: asiwepo anayechechemea, anayetweta asipate pumzi, au anayesema hajisikii vizuri.

Yakivunjika matatu ya mwanzo, hata moja tu, kundi zima hurudi. Likivunjika la nne, aliyechoka hurudi na wenzake waliopangwa kurudi naye, pamoja na kiongozi wao na askari wao. Hapo ndipo mahali pekee njiani panaporuhusiwa kugawanyika. Kila upande uwe na orodha yake ya majina, na viongozi wawili wapeane mikono wakiwa wanajua nani kamchukua nani. Tulipolieleza jambo hili kikaoni, kijana mmoja alilalamika kwamba kwa masharti hayo huenda vilele saba visipatikane. Ni kweli. Vilele vitatu vyenye watu wote vinatosha kuwa safari. Saba vyenye mtu aliyepotea havitoshi.

Yako masuala ya gari pia, ambayo husahauliwa na karibu kila mpangaji. Dereva akishawashusha langoni, hupenda kwenda moja kwa moja Kona Baridi akalale. Kundi likilazimika kurudi, litakuta lango halina gari. Basi libaki Ngong mpaka kiongozi apige simu kutoka kilele cha tatu kusema wanaendelea. Baada ya hapo dereva ana muda wa kutosha kuzunguka kwa njia ya Kiserian na kuwasubiri. Ikiwa kuna watu wa kurudi, pawe na gari la pili, hata kama ni dogo.

Baridi, upepo na mavazi

Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Nairobi iko karibu mita 1,800, hivyo Lamwia ina baridi zaidi kwa nyuzi 4 hivi. Kwa jamaa anayekuja likizo kutoka Mombasa, tofauti na hewa ya kwao ni kama nyuzi 15. Hayo ni kabla ya upepo, na mitambo ya umeme haikuwekwa pale bila ya sababu. Likizo ya Agosti ina ukavu lakini ina mawingu na ukungu wa asubuhi. Ya Aprili huangukia masika, wakati njia ni utelezi mtupu na radi ni hatari ya kweli. Mgongo wa mlima ulio wazi ndio mahali pabaya kuliko pote kuwepo radi inapopiga. Ngurumo ikisikika, shukeni kutoka kileleni, wala msijikinge chini ya mti ulio peke yake. Mwezi wa Disemba hutegemea mvua za vuli zimekatika lini, basi tazameni hewa ya wiki ile, si ya mwaka jana.

Kila mmoja abebe sweta na koti la mvua hata kama asubuhi ni ya jua. Viatu viwe vilivyokwishazoewa na mguu. Kiatu kipya hutoa malengelenge kabla ya kilele cha pili. Dada zetu wasiache safari kwa ajili ya vazi. Buibui refu hushikwa na upepo na miiba, lakini suruali pana ndani ya gauni linaloishia juu ya kifundo cha mguu, pamoja na mtandio uliofungwa imara, ni stara kamili na ni wepesi wa kupanda. Mama aliyebeba mtoto mgongoni aishie kilele cha tatu.

Maji yasipungue lita mbili kwa mtu mzima. Msitegemee kuyapata juu. Msitegemee choo pia, basi kila mtu amalize haja zake langoni. Chakula kiwe cha kushika mkononi: mayai ya kuchemsha, tende, mkate, viazi. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni mwake mwenyewe, na kiongozi ajue. Mbali na sanduku la huduma ya kwanza, kundi liwe na vipenga, tochi mbili na simu moja iliyozimwa, yenye chaji kamili, kwa ajili ya dharura.

Swala mlimani

Adhuhuri ya Nairobi huingia karibu na saa 6:30 mchana. Kwa mpango tulioueleza, kundi litakuwa limepita katikati ya njia. Chagueni mapema mahali tambarare, penye kinga ya upepo, na pawe hapo hapo pa kula. Kibla cha Nairobi ni kaskazini, kikiinama kidogo tu upande wa mashariki. Kwa kuwa mmekuwa mkielekea kusini tangu asubuhi, Kibla kiko nyuma yenu, kule mlikotoka. Mtumie dira, kwani jua la saa sita liko utosini na kivuli chake hakimwelekezi mtu vizuri.

Nusu lita ya maji kwa mtu inatosha kwa udhu usio na israfu, na ihesabiwe mbali na maji ya kunywa. Mwenye viatu vya ngozi vinavyofunika vifundo, akivivaa akiwa na udhu kamili, ana ruhusa ya kupaka maji juu yake kwa mchana na usiku mmoja, akiwa mkazi. Ni wepesi mkubwa kwenye baridi. Mkazi wa Nairobi asipunguze rakaa: Ngong haifikii umbali ambao wanazuoni wengi wameuweka kwa safari ya kupunguza, nao ni karibu kilomita 80. Alasiri huingia karibu na saa 10, na mpango ukienda sawa mtaiswali mkiwa mmekwisha kushuka.

Karatasi inayobaki msikitini

Kabla ya gari kuondoka, andikeni karatasi moja katika nakala tatu. Iwe na majina ya wote, umri wao na simu za wazazi wao. Majina ya kiongozi wa mbele, wa nyuma, na wa wanaorudi. Njia yenyewe, pamoja na saa inayotarajiwa katika lango, kilele cha tatu, Lamwia na Kona Baridi. Namba ya dereva na ya askari wa misitu. Nakala moja awe nayo kiongozi, ya pili dereva, ya tatu ibaki msikitini kwa mtu aliyekubali kukaa karibu na simu yake siku nzima.

Mtu huyo hupigiwa mara nne: mkiingia, mkiwa kilele cha tatu, mkiwa Lamwia, na mkishuka. Simu ya kilele cha tatu ikichelewa kwa saa moja, ndiye anayepiga. Ikifika saa 11 jioni hajapata habari ya kushuka, hawasubiri wazazi waje kumuuliza. Huwaarifu askari wa misitu na polisi wa Ngong na Kiserian wakati mwangaza bado upo, akiwasomea majina, saa na mahali kundi liliposikika mara ya mwisho.

Wazazi wanaotaka watoto wao waende likizo ijayo wataletewa karatasi hiyo waisome na kuitia saini. Asiyeona ndani yake jibu la mojawapo ya maswali matatu, asitie saini mpaka ajibiwe.